Ukitaka Vikabichi vya Brussels Vikolee, Viepushe na Maji

Kwa miaka sita ya mwanzo niliyoishi Uingereza nilikuwa nikivipita vikabichi vya Brussels dukani bila hata kuvitupia jicho. Nilikuwa nimevionja mara moja tu, Desemba 2009, katika kantini ya chuo nilichokuwa nikisoma, vikiwa vimechemshwa mpaka ukijani wake umefifia ukawa kijivu, vimelainika hadi vinapondeka kwa ulimi, na harufu yake ikinikumbusha yai viza. Niliamini kwamba hivyo ndivyo vilivyo, na kwamba Waingereza huvila kwa ajili ya desturi ya Krismasi tu. Leo, kuanzia Oktoba mpaka Machi, ni nadra wiki ipite bila kuvioka, na ndugu wanaotutembelea kutoka Tanga na Mombasa huondoka wakiniuliza nimevifanyaje. Nimeona niandike jibu lote mahali pamoja.

Kwa asiyevijua, ni mboga ya jamii ya kabichi, kila kimoja kikiwa na umbo kamili la kabichi lakini ukubwa wa ndimu changa. Haviketi ardhini kimoja kimoja kama kabichi tulizozizoea. Huota vingi kwa pamoja kwenye shina moja nene linaloweza kumfika mtu kiunoni, na kila kikabichi huchipuka pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Dukani utavikuta kwenye pakiti zilizoandikwa Brussels sprouts, na msimu wa baridi ukikolea baadhi ya maduka huuza shina zima. Jina la mji limevishika kwa sababu wakulima wa Ubelgiji walivilima kwa karne nyingi, ingawa vile ninavyonunua mimi mara nyingi hutoka mashamba ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Kwa wataalamu wa mimea, kabichi, sukuma wiki, koliflawa, brokoli na vikabichi hivi vyote ni spishi moja, Brassica oleracea, ambayo mkulima mmoja aliichagulia majani, mwingine maua, na mwingine machipukizi. Kwa hiyo mlaji wa sukuma wiki haleti mezani mgeni. Analeta ndugu wa mboga anayoila kila siku.

Uchungu na harufu vinavyolalamikiwa vina chanzo kinachojulikana. Mboga za jamii hii zimebeba kemikali zenye salfa ziitwazo glukosinoleti, ambazo ni kinga ya mmea dhidi ya wadudu. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Uholanzi, Hans van Doorn, alibainisha kwamba mbili kati yake, sinigrini na progoitrini, ndizo hasa zinazoleta uchungu wa vikabichi, na baada ya hapo kampuni za mbegu zikarudi kwenye mbegu za zamani zenye kiasi kidogo cha kemikali hizo na kuzichanganya na mbegu zenye mavuno mengi. Vikabichi vya leo havina ule ukali ambao wazee wa hapa wanaukumbuka tangu utotoni mwao. Harufu, hata hivyo, ni kazi ya mpishi. Kadiri vinavyokaa katika maji yanayochemka ndivyo salfa inavyozidi kuachiliwa, na vikabichi vilivyochemshwa dakika ishirini vitanuka nyumba nzima hata kama mbegu yake ni bora kuliko zote.

Aliyenibadilisha mawazo ni jirani yangu, bibi wa Kiingereza mwenye umri wa mama yangu, ambaye hukodi kishamba cha mboga kutoka halmashauri ya mji. Asubuhi moja ya Desemba 2015, baada ya usiku wa sakitu nzito, aligonga mlango akiwa amekumbatia shina zima lenye vikabichi tele. Alinieleza kwamba alikuwa ameingojea sakitu hiyo makusudi, kwa kuwa mmea ukipigwa na baridi kali hukusanya sukari ndani ya majani yake ili usigande, na vikabichi huwa vitamu zaidi. Kisha akaniambia neno ambalo limebaki kuwa msingi wa upishi wangu wote wa mboga hii: "Usitie maji hata tone moja."

Neno hilo lilinipa kazi, kwa sababu mkono wa mtu wa pwani ukishika mboga ya majani huenda wenyewe kwenye sufuria, kitunguu, nyanya na tui. Mchicha tunauivisha kwa maji yake, kisamvu tunakitwanga na kukichemsha kwa saa nzima au zaidi, kabichi tunaikaanga na kuifunika mpaka ilegee. Hata hivyo, moto mkavu nao tunaujua vizuri. Tunaujua kwenye mahindi na mihogo ya kuchoma, na tunaujua kwenye ukoko wa wali, ule uliogeuka rangi ya dhahabu chini ya sufuria, ambao watoto huugombania. Kinachotafutwa kwenye vikabichi ni ukoko. Sehemu inayogusa chuma cha moto lazima ikauke, iive na ipate rangi ya hudhurungi, kwa maana hapo ndipo utamu unapozaliwa. Maji hayawezi kupita nyuzi 100 za Selsiasi yakiwa kwenye sufuria ya kawaida, ilhali rangi hiyo na ladha yake huhitaji joto la juu zaidi, karibu nyuzi 140 na kuendelea. Maadamu kuna unyevu juu ya mboga, haitapata rangi. Itapikika kwa mvuke.

Kwa watu wanne ninatumia nusu kilo. Huchagua vilivyofumba na kukaza, vya kijani kibichi, visivyo na majani ya njano, na muhimu zaidi ni kwamba vilingane ukubwa, kwani kikubwa na kidogo haviwezi kuiva kwa wakati mmoja. Ninaviosha vikiwa vizima, kabla ya kuvikata, kisha navitandaza juu ya taulo safi la jikoni na kuvipangusa mpaka vikauke kabisa. Ukiwa na nafasi, vioshe asubuhi na uviache wazi vikauke mpaka jioni. Baada ya hapo nakata ncha kavu ya kikonyo, kidogo tu ili majani yasiachane, naondoa majani ya nje yaliyochakaa, na kukigawa kila kikabichi nusu kwa nusu kupitia kikonyo. Waingereza wengi wamefundishwa kukichanja alama ya msalaba kwenye kikonyo ili kiive upesi. Katika kuchemsha, mchanjo huo huyaingiza maji ndani. Katika kuoka hauna kazi yoyote, uache. Majani yanayochomoka yenyewe wakati wa kukata usiyatupe, nitayarudia.

Washa oveni mapema. Yangu ya umeme yenye feni naiweka nyuzi 200. Isiyo na feni iweke 220, na ile ya gesi yenye namba iweke namba 7. Sinia ya kuokea iwe ya chuma, na ikae ndani ya oveni tupu mpaka iwe ya moto sana, jambo ambalo kwangu huchukua robo saa. Wakati huo navichanganya vikabichi kwenye bakuli na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti na pilipili manga iliyosagwa. Chumvi, nusu kijiko cha chai, ndiyo inayokuja mwisho kabisa, dakika ile ile ya kuingiza sinia, kwa sababu chumvi huvuta maji kutoka ndani ya mboga, na ukiitia mapema utakuwa umefanya kazi ya kukausha bure. Niliwahi kutumia mafuta ya nazi yasiyosafishwa kwa kupenda harufu yake, nayo yakatoa moshi mwingi kabla vikabichi havijaiva. Tangu siku hiyo nazi naitia kwa njia nyingine.

Sinia ikishakuwa ya moto, vipange upande uliokatwa ukitazama chini, kimoja kimoja, na kila kimoja kiwe na nafasi yake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Vikibanana, mvuke unaotoka kwa kimoja hukiivisha cha pili, na baada ya nusu saa utatoa mboga iliyolegea bila rangi na kusema kwamba oveni yako ni mbovu. Kama sinia moja haitoshi, tumia mbili, na katikati ya muda uzibadilishane ngazi. Kisha usiviguse. Ninasisitiza hili kwa sababu sisi tumezoea kuamini kwamba chakula kisichogeuzwageuzwa kitaungua, na mama zetu walitufunza kutobanduka jikoni. Vikabichi hivi huhitaji dakika kumi na tano za kwanza bila kusumbuliwa, ili ukoko ujijenge. Zikitimia, tikisa sinia, rudisha, na uongeze dakika tano mpaka kumi. Viko tayari pale kisu kinapopenya kikonyo kwa urahisi na uso uliokatwa umekuwa wa hudhurungi iliyokolea. Majani ya nje yatakuwa meusi kidogo kwenye kingo, na hayo ndiyo yenye ladha kuliko yote. Yale majani yaliyochomoka wakati wa kukata, yapake mafuta kidogo na uyarushe kwenye sinia dakika tano za mwisho. Hukauka yakawa kama krispi, na mwanangu wa pili, ambaye mboga nyingine huzila kwa kubembelezwa, huyamaliza hata kabla sinia haijafika mezani.

Vikabichi vilivyogandishwa vinaweza kuokwa, lakini visiachwe viyeyuke, kwa kuwa hujaa maji. Vipake mafuta vikiwa bado vigumu, vioke kwenye moto huo huo kwa dakika thelathini au thelathini na tano, na ujue tangu mwanzo kwamba rangi itapatikana lakini ule ukoko hautafika mbali.

Kuhusu viungo, nimejifunza kutenganisha vya kutangulia na vya kufuata. Bizari ya pilau nzima na pilipili manga vinaweza kuingia tangu mwanzo. Kitunguu saumu kikitangulia huungua na kuwa kichungu, kwa hiyo nakitia dakika nne za mwisho. Chochote cha majimaji kingoje mpaka vitoke kwenye moto, la sivyo utaurudisha mvuke uliokuwa ukiukimbia. Ninachokipenda kuliko vyote ni ukwaju mzito, kijiko kimoja cha chakula, uliokorogwa na kijiko kimoja cha chai cha asali na pilipili ya kusaga kidogo, unaomwagiwa juu vikiwa bado vya moto. Uchachu wa ukwaju na uchungu mdogo uliobaki kwenye vikabichi vinapatana kwa namna ambayo siki ya Waingereza haijawahi kunipa. Siku nisipokuwa na ukwaju nakamulia ndimu. Na ile nazi niliyoahidi: ninaikuna, naikaanga kavu mpaka ibadilike rangi, na kuinyunyiza juu. Mboga hii nailia na wali na samaki wa kukaanga, au kuku wa kuoka.

Kwa upande wa afya, gramu 100 za vikabichi vibichi zina kalori 43 hivi, karibu gramu 4 za nyuzinyuzi, na vitamini C ya takriban miligramu 85, ambayo ni zaidi ya ile iliyo katika uzito huo huo wa chungwa. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, na kwa hiyo anayevichemsha humwaga sehemu yake kwenye sinki. Kuoka kunapunguza hasara hiyo, ingawa joto nalo huchukua fungu lake. Zina pia vitamini K kwa wingi, kiasi cha mikrogramu 177, na hapa naomba tahadhari. Kama katika nyumba yako kuna mzee anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asianze ghafla kula sahani kubwa za vikabichi wala asiache ghafla kama amezoea, kwa sababu vitamini K huingilia kazi ya dawa hiyo. Azungumze kwanza na daktari au mfamasia wake. Na kwa yeyote anayeanza, vitano au sita vinatosha siku ya kwanza, kwani mboga za jamii ya kabichi huleta gesi tumboni kwa tumbo lisilozizoea.

Dada yangu aliyeko Tanga alipoyasikia haya aliniuliza afanyeje yeye asiye na vikabichi wala oveni. Tulishauriana kwa simu mpaka akapata njia: hukata kabichi ya kawaida vipande vinane bila kuondoa kiini, ili majani yashikane, huvipaka mafuta na chumvi, huvipanga kwenye sufuria pana iliyokwisha kupata moto juu ya mkaa wa wastani, kisha hufunika kwa mfuniko bapa wa bati, anauacha na upenyo mdogo wa kutolea mvuke, na kupalia makaa juu yake kama afanyavyo kwa mkate wa kumimina. Huvigeuza mara moja tu. Ananiambia vinaiva katika muda wa nusu saa na vinapata rangi pande zote mbili.

Jambo la mwisho linahusu wakati. Tumelelewa kukifunika chakula kwa kawa mpaka wageni wakusanyike, lakini vikabichi vilivyookwa ukivifunika kwa dakika kumi vinatoa jasho na ukoko wote unalainika. Mimi huvikata na kuvikausha mapema, oveni naiacha ikiwaka, na sinia naiingiza pale wageni wanaponawa mikono na kuanza wali. Vikibakia viporo, maikrowevu haivifai. Vipashe kesho yake kwenye kikaango kikavu, upande uliokatwa chini, kwa dakika tatu au nne bila kuongeza mafuta, na kama kuna mayai nyumbani, yavunjie humo humo.