Jibu: Simu inasema hewa safi, nyumba imejaa vumbi (Moroto)

Salaam dada. Nimekuelewa: programu ya simu ya ubora wa hewa inaonyesha namba ya kijani kutwa, yaani hewa safi, ilhali meza uliyoifuta asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake, na mtoto anakohoa.

Kwanza angalia namba hiyo ni ya nini. Mara nyingi ni PM2.5, chembe laini kabisa, kama za moshi. Vumbi letu la Karamoja, huku kaskazini mashariki mwa Uganda, wakati wa kiangazi lina chembe nyingi kubwa zaidi ya hizo, na zinaonekana kwenye PM10, namba inayohesabu pia chembe kubwa kidogo, hadi mikromita 10. Itafute hiyo. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri isizidi mikrogramu 45 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Na kama hakuna kipimo karibu nawe, unachosoma ni makadirio ya kompyuta tu. Mimi siyaamini sana.

Kwangu Kotido, madirisha ya upande wa upepo nayafunga kabla haujachachamaa, nayafungua jioni ukitulia. Ufagio mkavu nimeupiga marufuku, unanyanyua vumbi na kulirudisha puani. Tumia kitambaa kibichi, ukikamue mpaka kisidondoke. Barabarani vaa barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo; leso husaidia kidogo mno.

Halafu sigiri iko wapi? Kama ni ndani, itoe leo kabla ya kuulaumu upepo.

Mtoto akipumua haraka au kwa shida, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kikohozi kikifika wiki mbili, wampime na TB pia.