Doriani halichumwi, husubiriwa

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni tunda gani watu wamelitukuza kupita matunda mengine. Jibu langu ni doriani, na sisemi hili letu la Unguja na Pemba, ingawa ni lilelile. Nasema la Malaysia.

Wageni wakifika pande zile hawana hadithi nyingine ila harufu: hoteli zinalikataza, treni za Singapore zinalikataza. Haya, linanuka. Lakini Malaysia tunda hili, kwa desturi, halichumwi. Huachwa mtini mpaka lidondoke lenyewe, mara nyingi usiku. Msimu ukipamba moto, kati ya Juni na Agosti, wenye mashamba hulala vibandani wakisikilizia kishindo, watoke na tochi kabla mwizi hajawawahi. Siku hizi wengi hutandaza nyavu chini ya miti, tunda lisipasuke.

Jirani zao wa Thailand huchuma. Mmoja hupanda na kukata kikonyo, mwenziwe hudaka kwa gunia. Tunda lile bado gumu, linavumilia safari hadi China. La kudondoka lina siku mbili tatu tu za utamu, na kwa hiyo Malaysia ilikuwa ikiwapelekea Wachina lililogandishwa, mpaka ruhusa ya kuuza lisilogandishwa ilipopatikana 2024. Wamekosa fedha nyingi kwa kungoja. Mimi nawapa haki.

Na wanavyonunua! Muuzaji hulitikisa karibu na sikio asikie kokwa zikicheza, hunusa kitako, kisha hupenyeza kisu kwenye mshono wa ganda na kufungua kijidirisha. Mteja huonja. Halikumridhisha? Linawekwa kando, linaletwa jingine. Wajuzi hawatafuti sukari tupu. Wanataka na uchungu kidogo, na ndio unaoipa bei yake Musang King, aina ya doriani inayosifika huko. Huliwa papo hapo, kwenye meza za plastiki kando ya barabara. Wakimaliza, humimina maji kwenye ganda tupu wakayanywa, ati doriani hupasha mwili joto na ganda lake ndiyo dawa.

Yaliyopitiliza hayatupwi. Nyama hutiwa chumvi ikachachuka, ikaitwa tempoyak, na kule jimbo la Pahang hupikiwa samaki kwa pilipili. Hapo wanisamehe, samaki wangu mimi ni wa nazi.

Msomaji wenu, Unguja