Mume wangu katoka wodini: ya nini tena kushinda hospitali kutwa?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Naishi Minnesota na mume wangu, ana miaka 43. Pombe kali ilimshika miaka mingi, mwisho akawa haamki bila kuzimua. Alilazwa kituoni siku 28, katoka wiki iliyopita. Uso umerudi, anakula, anacheka na watoto. Sasa wanamtaka aende Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, kwa wiki nne, jioni arudi kulala nyumbani. Wanaiita PHP. Shemeji yangu anasema hiyo ni njia ya kuchuma hela za bima, mtu keshapona, arudi kazini. Mama mkwe naye katuma dawa ya unga kutoka Tanga, ya kutia kwenye chai bila mwenyewe kujua, anaapa imeachisha wengi. Na juzi mtu kapiga simu: kuna kituo Florida, nauli bure, nyumba bure. Tufuate lipi?

JIBU: Dada, nianze na neno la shemeji yako, "keshapona", kwa sababu ndilo linalonirudishia wagonjwa kuliko pombe yenyewe. Nalisikia kila wiki. Mtu kamaliza siku 28, kanyoa ndevu, kanenepa mashavu, basi ukoo mzima unamhesabu kama aliyemaliza dozi ya malaria.

Siku 28 zimefanya kazi moja kubwa na nyingine ndogondogo. Ile kubwa ni kumvusha salama. Mtu aliyefika hatua ya kuzimua kila asubuhi akikata pombe ghafla, mikono huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Kifafa kinaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuingia maruweruwe, joto likapanda, moyo ukaenda mbio, na hapo watu hufa. Hilo limepita, mshukuruni Mungu na wauguzi. Lakini wodini hakuna siku ya mshahara. Hakuna friji, hakuna binamu anayepiga simu Ijumaa jioni, hakuna mtoto aliyefeli hesabu wala bili ya umeme. Mumeo amekaa mwezi mahali pasipo na pombe, na kukaa mbali na kitu hakujawahi kumfundisha mtu kuishi jirani nacho.

Hiyo 28 yenyewe haikutoka maabara. Utaratibu wa kulaza walevi kwa wiki kadhaa ulikua humo humo Minnesota mnamoishi, kwenye miaka ya 1950. Kampuni za bima zilipokubali kuulipia, namba ikaganda. Ubongo wa mumeo hausomi kalenda ya bima. Usingizi, wasiwasi na hasira za ghafla zinaweza kumsumbua miezi kadhaa baada ya chupa ya mwisho.

Sasa hiyo PHP. Sisi tuliosoma Afrika Mashariki tunaielewa upesi tukiiita kwa jina letu: wodi ni bweni, hii ni shule ya kutwa. Masomo ni yale yale, kitanda tu ndicho kimehamia nyumbani. Chama cha madaktari wa tiba ya uraibu cha Marekani kimepanga tiba kwa ngazi. Chini kabisa kuna kumwona mshauri mara moja moja. Juu yake kuna ile wanayoiita IOP, tiba nzito ya kwenda na kurudi, saa 9 hadi 19 kwa wiki. Kisha ngazi ya 2.5, ndiyo hiyo PHP yenu, kuanzia saa 20 kwa wiki, na juu yake ndiko kulala kituoni na hospitalini. Mumeo kapangiwa saa 30. Anashuka ngazi moja moja kama mtu mwenye akili, hajarudishwa darasa. Shemeji anataka aruke kutoka dari mpaka sakafuni.

Ninachotaka ukielewe vizuri ni thamani ya ile jioni. Watu hudhani kulala nyumbani ndiyo kasoro ya programu hii: "Si atakunywa tu usiku?" Anaweza. Lakini kila jioni ni mtihani mdogo, na kesho yake saa tatu anarudi na karatasi ya majibu mkononi. Anapuliza kipimo cha pombe, anapimwa presha, anaketi na wenzake, anasema jana lilitokea hivi. Kuna bwana mmoja niliyemhudumia, wodini alikuwa mwanafunzi bora, kila swali anajibu. Siku ya tatu ya programu ya kutwa akaja amenyong'onyea. Alituambia alipokuwa akiendesha gari kurudi nyumbani, usukani ulikata kona wenyewe kuelekea duka la pombe alilozoea, akashtukia yuko kwenye maegesho. Hakununua. Alikaa ndani ya gari dakika ishirini akilia, kisha akaondoka. Wodini tusingelijua duka lile hata angekaa mwaka. Asubuhi ile tulichora njia nyingine ya kurudi nyumbani, mkewe akaanza kumpigia simu saa ile ile kila siku, na daktari akaongeza dawa ya kupunguza hamu. Kazi ya kushinda hospitali ndiyo hiyo. Mihadhara tu mtu anaweza kuisikiliza hata redioni.

Ukisikia dawa, usishtuke. Kuna naltreksoni, imeruhusiwa Marekani kwa ulevi wa pombe tangu 1994, iko ya kidonge cha kila siku na ya sindano ya mara moja kwa mwezi. Kuna pia akamprosate. Hazimfanyi mtu azubae wala kulewa kwa njia nyingine. Kabla ya kumwanzishia naltreksoni lazima daktari ajue hali ya ini lake na kama anatumia dawa zozote za maumivu za jamii ya afyuni, maana hizo mbili hazikai chungu kimoja. Kama hawajamtajia dawa kabisa, aulize mwenyewe wiki hii. Inaniudhi kuona mtu anapita kituo kizima bila hata kuambiwa kwamba zipo.

Uwe macho na Jumamosi. Programu inafungwa Ijumaa alasiri, na sisi maisha yetu ya huku yamebebwa na Jumamosi: nyama choma, harusi, kipaimara, harambee ya msiba, kreti nyuma ya gari. Nenda naye kwenye kikao cha familia, wengi wana siku yake, mpange Jumamosi saa kwa saa. Kama kuna chupa ndani, hata ya wageni, itoke leo. Na akianza kunywa tena halafu asubuhi akatetemeka, au akisema heri afe, hapo kutwa haitoshi. Mpeleke hospitali, au piga 988 kama ni mawazo ya kujiua.

Kuhusu kazi na bima nitapita haraka. Kama mwajiri wake ana watu 50 na zaidi, naye kafanya kazi hapo mwaka mmoja na saa 1,250 ndani yake, kwa kawaida sheria ya likizo ya ugonjwa ya 1993 inamlindia nafasi yake mpaka wiki 12, bila mshahara. Bima itaidhinisha siku chache chache, halafu iombe taarifa. Mkiambiwa wamekata, msikubali kwa simu. Ombeni barua, mkate rufaa, na mwombeni daktari wa kituo aongee moja kwa moja na daktari wa bima. Sheria ya usawa ya 2008 haiwaruhusu kuibana tiba ya uraibu kuliko wanavyobana magonjwa mengine ya mwili.

Sasa huo unga wa Tanga.

Mama mkwe simlaumu, anampenda mwanawe na yuko mbali. Wanaonikera ni wauzaji. Matangazo yao yako kwenye nguzo za umeme kuanzia Mombasa mpaka Mbeya, na siku hizi yanakuja mpaka kwenye simu zetu huku ughaibuni: "Achisha mumeo pombe siku saba, weka kwenye chai, hatajua." Hiyo "hatajua" ndiyo hatari yenyewe. Hospitalini tuna dawa ya zamani iitwayo disulfiramu, imetumika Marekani tangu 1951, inayomfanya mtu akinywa pombe awake uso, kichwa kipasuke, atapike, presha ishuke. Akiwa na moyo mbovu anaweza kufa. Ikimezwa leo, nguvu yake inaweza kubaki mwilini hata wiki mbili. Kwa sababu hiyo onyo lake la kwanza kabisa linasema asipewe kamwe mtu bila yeye kujua. Basi kama dawa ya kiwandani, iliyopimwa kwa miligramu, imekatazwa kutiwa kwa siri, unga ambao hata muuzaji hakuambii una nini utautiaje kwenye chai ya mtu ambaye ini lake limetoka vitani juzi? Unga huo nao utakutana na vidonge alivyoandikiwa kituoni, na daktari wake hatajua anapigana na nini.

Na sijagusa uchungu mwingine. Mwanamume anayejifunza kusema kweli kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi ya kuficha chupa, agundue mkewe anamtilia kitu kwenye kikombe! Baada ya hapo kila chai itakuwa kesi.

"Imeachisha wengi," utaambiwa. Mtu akitapika wiki nzima ataacha pombe, hata maji atayaacha. Mwulize muuzaji hao wengi, mwaka mmoja baadaye, wako wapi.

Simu ya Florida ni ukoo ule ule, tofauti ni kwamba hawa wanavaa tai. Kituo cha haki hakikutafuti wewe kwa nauli ya bure. Huko Florida kulizuka biashara ya madalali wa wagonjwa: dalali anamleta mtu mwenye bima nzuri, anapewa chumba bila kodi ili mradi ahudhurie programu ya kutwa, mkojo wake unapimwa mara nyingi kuliko inavyohitajika na kila kipimo kinatozwa bima. Akikaribia kupata nafuu hana faida tena; akirudia ulevi, bima inafunguka upya. Bunge la Marekani lilipiga marufuku malipo hayo ya udalali mwaka 2018. Haijawazuia wote. Mwaka 2023 jimbo la Arizona lilitangaza hadharani utapeli wa nyumba za namna hiyo, zilizokuwa zikizoa hasa Wenyeji wa Asili wa Marekani, wakiwemo Wanavajo, na kuidai bima ya serikali kwa huduma zisizotolewa. Wengine waliishia kutupwa barabarani mbali na kwao.

Kwa hiyo shemeji yako, nimpe haki yake, hakukosea alipoinusa hela. Kakosea mlango tu. Kituo mlichotumwa mnaweza kukipima kwa maswali machache: leseni ya jimbo iko wapi, daktari anamwona mgonjwa mara ngapi, mnatoa dawa au maneno matupu, baada ya wiki nne atashuka ngazi ipi na nani atampokea. Wakijikanyaga kwenye hilo la mwisho, tafuteni kingine humo humo jimboni. Anayekuahidi "kupona kwa uhakika" kwa siku yoyote inayotajika, awe na koti jeupe au kibuyu, mwage.

Na kwa wengine mnaosoma haya huku mgonjwa wenu ni wa heroini au vidonge vya maumivu, tafadhali msichukue ya pombe mkayapeleka kule. Aliyefungiwa mwezi bila heroini mwili wake umeshasahau kuibeba. Akitoka akatumia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukata siku hiyo hiyo. Wa namna hii wanahitaji methadoni au buprenofini, dawa zinazoshika nafasi ya heroini, tangu wodini, na nyumbani kuwe na naloksoni ya kupuliza puani, ile ya kurudisha pumzi, ambayo Marekani tangu 2023 inauzwa bila cheti. Kufungia na kuachia bila chochote, kunakosifiwa sana na ndugu, ndiko kunakojaza makaburi.

Dada, Jumatatu mumeo awe kituoni saa tatu kasoro robo. Ule unga msiumwage bado. Mwonyeshe mwenyewe, mwambie umetoka kwa nani na ulitakiwa uufanyie nini, kisha aende nao na kifungashio chake amkabidhi muuguzi, na aseme kama kuna aliyekwisha kuuonja. Mama mkwe mpigie leo leo, mwambie mzigo umefika.