Chombo cha Angani Sebuleni: Maswali Yenu Kuhusu Filamu za Mashabiki

Habari zenu wahariri. Mimi na rafiki yangu tunaipenda Star Trek, ule mfululizo wa televisheni wa safari za angani, tangu tukiwa shule ya msingi. Tunataka kutengeneza filamu fupi ya kuchekesha: chombo cha angani kinazimika katikati ya nyota kwa sababu nahodha amesahau kununua LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tuko wawili tu, tuna simu mbili, na bajeti yetu ni shilingi laki moja na nusu. Tuanzie wapi? (Msomaji, Tanga)

Wazo lenu ni zuri, lishikilieni hilo hilo. Kila Mtanzania anaujua mlio wa ile mita inapokaribia kuisha, kwa hiyo hamhitaji kumweleza mtu kwa nini mhandisi wa chombo ameshika kichwa.

Skripti isizidi kurasa sita. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa filamu hukaribia dakika moja ya picha. Chumba kimoja, wahusika wawili wanaoonekana, na wa tatu awe sauti ya kompyuta ya chombo, ambayo mtairekodi baadaye mkiwa mmetulia. Mkiongeza mhusika wa tatu anayeonekana, mtamsubiri wiki nzima kila mnapotaka kurekodi.

Fedha zigawanywe hivi: karibu nusu iende kwenye maiki mbili ndogo za kubana kwenye kola, robo kwenye stendi ya simu na taa, na robo iliyobaki ndiyo ya maboksi, rangi na mavazi. Wengi hufanya kinyume, wanamaliza hela kwenye kofia ya roboti, kisha mazungumzo yanasikika kama watu waliomo ndani ya pipa. Kitufe cha kizibo cha soda mtazamaji atakikubali mara moja. Asiposikia neno, ameshapoteza kichekesho.

Jengeni ukuta mmoja tu, na kamera isigeuke kamwe kutazama upande wa pili. Watu hupenda kufunika ukuta wote kwa trei za mayai. Ukuta wa mita 2.4 kwa 1.8 hula trei zipatazo 48, na ukishapakwa rangi ya fedha bado unaonekana trei za mayai. Tumieni trei kumi na mbili hivi, kama mistari miwili, na sehemu nyingine muweke vipande vya boksi vya ukubwa tofauti, vingine vimetokeza sentimita mbili, vingine tano. Taa ikiwekwa pembeni ya ukuta, si mbele yake, vivuli vya hivyo vipande ndivyo vitakavyofanya ukuta uonekane wa chuma.

Nyuma ya vipande pitisheni taa za LED za utepe, za volti 12. Roli ya mita tano ya zile taa ndogo, inayotumia wati 24 hivi, huvuta ampea mbili. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 ingeiendesha kwa saa tatu na nusu kwa hesabu ya karatasi, lakini simamisheni baada ya saa moja na nusu, kwa sababu betri za risasi na asidi huharibika zikikaushwa. Wekeni fyuzi ya ampea tatu kwenye waya chanya karibu na betri, maana waya zikigusana betri haina huruma. Utepe ukateni pale palipochorwa alama, kwa kawaida kila baada ya vitaa vitatu, kisha kila kipande kipewe swichi yake. Hapo filamu yenu inapata kitu cha bure: umeme unapokwisha, ukuta unazimika kipande kwa kipande.

Kwenye simu, rekodini fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Ukitumia fremu 30 na shata 1/60, mistari myeusi itatambaa kwenye picha, na hakuna namna rahisi ya kuiondoa baadaye. Simu nyingi za Android haziruhusu kubadili shata kwenye kamera yake ya kawaida. Jaribuni Open Camera, ni ya bure. Fungeni mwanga, fokasi na rangi kabla ya kila shoti.

Nyote wawili mkiwa mbele ya kamera, bandikeni tepu sakafuni mahali pa kusimama na mwanzishe kurekodi kwa kile kirimoti kidogo cha selfii. Mmoja tu akiwa anaonekana, mwingine ashike simu na amsomee maneno ya upande wake. Rekodini sura zote za nahodha kwanza, mwanzo hadi mwisho, ndipo mhamishe taa kwa mhandisi. Na chombo kikitikiswa, hesabuni kwa sauti: moja, mbili, kushoto! Anayeonekana aangukie upande mmoja na mwenzake ainamishe simu kwa wakati huo huo. Mtu mmoja akichelewa nusu sekunde, tetemeko linakuwa ngoma.

Tunatakaje mtu apotee kwa vimetameta kama kwenye Star Trek? Tumejaribu programu ya simu ikatupa nyota za harusi. (Msomaji, Mombasa)

Fanyeni kama walivyofanya wenyewe. Mfululizo ulipoanza mwaka 1966, kutua kwa chombo kizima kwenye kila sayari kungekuwa ghali mno, ndiyo maana wakabuni mashine ya kusafirisha watu kwa miale. Mng'aro wake ulikuwa ungaunga wa alumini uliomwagwa mbele ya mwanga mkali na kurekodiwa kwa mwendo wa pole. Ni jambo linalowezekana jikoni kwenu leo jioni.

Kwanza mtu. Simu iwe kwenye stendi, na mkishaanza kurekodi isiguswe tena. Mhusika asimame kwa sekunde kumi, atoke kwa upande, na kamera iendelee kurekodi mahali patupu kwa sekunde kumi nyingine. Msisimamishe katikati, kwani kidole kinachobonyeza ndicho kinachosogeza picha.

Kisha vimetameta. Tundikeni kitambaa cheusi cha pamba, si cha satini, kwa sababu satini hung'aa yenyewe. Vijiko viwili vya unga wa kumetameta wa mapambo vinatosha. Mwenzako avimwage taratibu kutoka juu kupitia chujio la chai, sentimita 50 mbele ya kitambaa, huku tochi ikimulika kutoka ubavuni. Rekodini fremu 120 kwa sekunde. Tochi iwe ya betri na mwanga wake uwe wa juu kabisa. Taa ya umeme wa nyumbani itawayawaya kwa kasi hiyo, na tochi nyingi za bei nafuu huwayawaya zikipunguzwa. Fungeni mdomo na pua kwa kitambaa, na vimetameta hivyo visikaribie chakula.

Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, toleo la bure, picha ya mahali patupu iwe chini na ya mhusika juu yake. Mfifishe mhusika kwa fremu 50, yaani sekunde mbili. Juu kabisa wekeni vimetameta na mbadilishe namna ya kuchanganya iwe Screen. Kitu chochote cheusi kitatoweka na mng'aro utabaki. Mwisho choreni mstari kuzunguka umbo la mhusika, ili vimetameta vibaki ndani ya mwili wake. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayotenganisha kusafirishwa na mvua ya harusi.

Pakionekana kasoro, kagueni kivuli. Mhusika anafifia vizuri lakini kivuli chake kinaruka ukutani ghafla, au pazia lilipeperushwa na feni kati ya picha ya kwanza na ya pili. Zimeni feni, fungeni dirisha, na mkirekodi kwa mwanga wa jua mfanye haraka kabla wingu halijapita.

Nilichonga bunduki ya miale kwa lile povu jeupe la kufungia televisheni. Nilipoipulizia rangi ya fedha ikayeyuka mkononi. Nilinunua rangi mbovu? (Msomaji, Mwanza)

Rangi ilikuwa nzima. Kimiminika kinachoibeba rangi ya kupuliza ndicho kinachoyeyusha povu hilo. Pakeni kwanza gundi nyeupe ya mbao, sehemu mbili za gundi kwa moja ya maji, mara tatu, na kila mara isubiri ikauke kabisa. Hakikisheni hakuna tundu lililobaki, hasa kwenye pembe. Baada ya hapo rangi ya kupuliza itashika, ikipulizwa kwa umbali wa sentimita 30 na kwa tabaka nyembamba, nje ya nyumba. Njia ya salama zaidi ni rangi ya maji ya ukutani kwa brashi.

Na kwa kuwa umeitaja bunduki: ipeni rangi kali kama chungwa au zambarau, muisafirishe ndani ya begi, na msiitoe barabarani. Askari akiwa mita 40 hawezi kujua kuwa ni povu.

Sauti na midomo vinaanza pamoja, lakini dakika ya tano mtu anaongea akiwa amefunga mdomo. (Msomaji, Nairobi)

Simu nyingi hazirekodi kwa kasi isiyobadilika. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, inapunguza fremu kimyakimya, na programu ya kuhariri haitarajii hilo. Kabla ya kuhariri, pitisheni kila faili kwenye HandBrake, programu ya bure: kwenye sehemu ya Video wekeni 25 na mchague Constant Framerate. Nafasi isiwatishe. Picha ya 1080p hula takriban MB 130 kwa dakika, hivyo dakika 40 za malighafi ni GB tano na ushee. 4K ni karibu mara tatu ya hapo, na kwa filamu itakayotazamwa kwenye simu hatuioni faida yake.

Mwanzoni mwa kila shoti pigeni kofi moja mbele ya kamera. Mwishoni pigeni jingine. Makofi mawili yakilingana na miinuko miwili ya sauti, kila kilichopo katikati kimelingana. Kabla ya kufungasha, rekodini sekunde 30 za kimya cha chumba hicho hicho, mtaziba nacho mashimo.

Mngurumo wa injini ya chombo upatikane kwa feni ya mezani. Irekodini dakika moja, kisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, mpunguze kasi kwa nusu. Sauti itashuka oktavu nzima na kuwa nzito. Mazungumzo yafike kati ya desibeli -12 na -6, na mngurumo ukae karibu -30 chini ya kila tukio la ndani ya chombo. Utaficha kelele za pikipiki za nje zisizo na mwisho.

Je, tutashtakiwa? (Msomaji, Zanzibar)

Wenye Star Trek, wakati huo CBS na Paramount, walitoa mwongozo kwa mashabiki Juni 2016, baada ya kufungua kesi dhidi ya filamu moja ya mashabiki iliyochangisha fedha nyingi. Mkiufuata, wamesema hawatawapinga. Hadithi moja isizidi dakika 15, au vipande viwili visivyozidi dakika 30 kwa jumla, bila kuendelezwa. Jina la filamu lisiwe na maneno Star Trek, ila chini yake kuwe na maandishi yanayotamka kuwa ni kazi ya mashabiki, kama yalivyoandikwa kwenye mwongozo. Asilipwe mtu yeyote. Msitumie vipande vya filamu zao wala sare za kughushi. Matangazo ya kuingiza fedha yazimwe mnapoiweka mtandaoni, na msiuze nakala. Usomeni wote wenyewe, una mengi zaidi, pamoja na lugha chafu na pombe kukatazwa. Muziki pia tungeni wenu.

Mkitaka uhuru zaidi, badilisheni majina, sare na umbo la chombo hadi iwe dunia yenu kabisa. Kwa wale wa LUKU, hadithi haitapoteza chochote.

Tulicheka mpaka machozi tukirekodi. Tulipowaonyesha watu, kimya. (Msomaji, Dodoma)

Mlicheka kwa sababu mlikuwa mnafahamiana, na kicheko hicho kimeonekana kwenye nyuso zenu. Mhusika anayejua kuwa anachekesha humnyang'anya mtazamaji kazi yake. Nahodha aliyeishiwa umeme lazima aogope kweli. Amlaumu mhandisi kama wapangaji wanavyolaumiana kuhusu nani ana friji, kwa uchungu ule ule, na asitabasamu hata kidogo. Rudieni shoti zote ambazo mmoja wenu ana dalili ya tabasamu pembeni mwa mdomo.

Halafu angalieni ukataji. Baada ya neno la kuchekesha acheni fremu 12, nusu sekunde, kabla ya kuonyesha sura ya anayesikiliza. Wengi hukata papo hapo na mtazamaji hajapata pa kuchekea. Na kichekesho kikihitaji sentensi ya kukieleza, ondoeni hiyo sentensi kwanza. Kichekesho kisiposimama, kiende nayo.

Onyesheni nakala mpya kwa watu watano wasioijua skripti, mmoja mmoja. Kaeni pembeni ya televisheni mkiwatazama wao, na daftari mkononi, mkiandika dakika na sekunde ya kila cheko na ya kila mara mtu anaposhika simu yake. Watatu wakishika simu mahali pamoja, kateni kuanzia sekunde kumi kabla ya hapo.