Prosesa ya GHz nyingi itakuongezea fremu kiasi gani kwenye gemu?

Mkuu, nimekuelewa hivi: una prosesa ya kore 6 (vitengo sita vya kukokotoa) inayokimbia 3.6 GHz, umeona nyingine ya 4.6 GHz, na unataka kujua kama fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) zitapanda kwa kiwango hicho hicho. Waliotangulia kujibu wamegawanyika, wengine wanasema nunua haraka, wengine wanasema prosesa haina kazi kwenye gemu. Mimi nimefungua na kuunga kompyuta za gemu kwa miaka mingi, zangu na za jamaa zangu, na sikubaliani na upande wowote.

Tuanze na mgawanyo wa kazi. Kila fremu unayoiona imepita mikono miwili. Prosesa inakokotoa adui yuko wapi, risasi imempata nani, gari likigonga ukuta linarukia upande gani, kisha inaandaa amri za kuchora na kuikabidhi kadi ya grafiki. Kadi inachora. Hawa wawili ni saidia fundi na fundi mwashi. Saidia akichelewesha tofali, fundi anasimama hata awe hodari vipi. Fundi naye akiwa mzito, saidia akimbie asikimbie, ukuta hauendi. Ndiyo maana kabla ya kuhesabu GHz lazima ujue kwenye kompyuta yako nani anamsubiri nani.

Hilo unaweza kulipima leo leo bila kutoa hela. Fungua gemu unayocheza zaidi, nenda pale ambapo huwa panakukera, washa kipima fremu, zima kikomo chochote cha fremu, kisha shusha resolusheni (idadi ya pikseli, yaani nukta za picha) kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Mipangilio mingine usiiguse. Fremu zikipaa, kadi ndiyo ilikuwa imelemewa. Zikibaki pale pale, mzigo uko kwa prosesa.

Nimelifanya jaribio hili kwenye Cyberpunk 2077, katikati ya umati wa sokoni, kwa kompyuta yenye prosesa ya zamani na kadi nzuri. Nilishusha resolusheni mpaka maandishi ya mabango yakawa hayasomeki, na fremu hazikusogea. Nikarudisha resolusheni, nikapunguza wingi wa watu mtaani kwenye mipangilio, zikapanda papo hapo. Kila mpita njia anayekatiza mbele yako ni hesabu ya prosesa, kadi inakuja kumvika nguo tu.

Tahadhari moja: usidanganywe na ile asilimia ya jumla ya matumizi ya prosesa. Gemu nyingi zina mlolongo mmoja mkuu wa kazi ambao hauwezi kugawanywa kwa kore zote. Kore moja inaweza kuwa imefika mwisho kabisa huku jumla ikionyesha asilimia 30, nawe ukadhani kuna nafasi kibao. Angalia matumizi ya kadi badala yake. Ikiwa iko asilimia 97 hadi 99, imebanwa. Ikiwa inachezea 60 na fremu hazipandi, inasubiri kukabidhiwa kazi.

Sasa tuje kwenye GHz zenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela. GHz ni idadi ya mapigo kwa sekunde, yakihesabiwa kwa mabilioni, haikuambii kila pigo linamaliza kazi kiasi gani. Pentium 4 ilifika 3.8 GHz, lakini Core 2 Duo ya 2.4 GHz iliyotoka 2006 iliiacha mbali. AMD FX-9590 ya 2013 ilitangazwa kwa 5 GHz na kula wati 220, na bado kwenye gemu ilipitwa na Core i5 za wakati wake zenye GHz chache. Mfano ninaoupenda zaidi ni Ryzen 7 5800X na 5800X3D. Zote zina kore 8 za kizazi kimoja. Ya kwanza inapanda hadi 4.7 GHz, ya pili inaishia 4.5, lakini ya pili ilipotoka 2022 ndiyo ikawa chaguo la wacheza gemu. Siri ni kashe, ile kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa yenyewe: MB 96 dhidi ya 32. Data ambayo gemu inaiita kila mara iko jirani, prosesa haipotezi muda kuifuata kwenye RAM, kumbukumbu kuu iliyo nje yake.

Kwa hiyo GHz linganisha ndani ya familia moja na kizazi kimoja tu, na hata hapo usitegemee uwiano kamili, kwa sababu RAM haikuongezeka kasi pamoja na prosesa.

Aina ya gemu nayo inaamua mengi. Counter-Strike 2 au Valorant ukitaka fremu 144 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 6.9 tu za kukamilika. Kwa fremu 60 unazo 16.7. Kwenye zile 6.9 ndipo prosesa dhaifu inapoumbuka. Cities: Skylines mji ukishakua inakula prosesa bila huruma, na Civilization utaionja ukisubiri zamu za wapinzani mwisho wa mchezo. Kinyume chake, ukicheza gemu la hadithi kwenye 4K, pikseli ni mara nne ya 1920×1080 na mzigo karibu wote unahamia kwa kadi. Ila ukiwasha DLSS au FSR (teknolojia za kukuza picha) kumbuka picha inachorwa kwanza kwa resolusheni ndogo, kwa hiyo prosesa inarudi kuhesabika.

Joto nalo lisisahaulike. Niliwahi kuletewa laptopu ambayo gemu lilikuwa linaenda vizuri dakika za mwanzo, kisha linaanza kudondosha fremu. Nilipofuatilia kasi ya prosesa nikaona inaanza juu, joto linakaribia digrii 100, inajishusha yenyewe ili isiungue. Feni lilikuwa limezibwa na vumbi na pesti ya joto (ile inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto) imekauka kama chokaa. Nikasafisha, nikapaka mpya, tatizo likaisha. Mwenyewe alikuwa ameshaanza kutafuta mashine nyingine.

Na RAM: kijiti kimoja peke yake kinaibana prosesa. Viwili vinavyofanana, kwenye nafasi sahihi za ubao mama, na XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyotangazwa) ikiwa imewashwa kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama), mara nyingi vinapunguza kule kukwama kwa ghafla.

Kwa kesi yako, usinunue chochote kwanza. Fanya jaribio la resolusheni, tazama joto na kasi ya prosesa baada ya nusu saa ya kucheza, kisha rudi hapa na majina matatu: modeli ya prosesa yako, ile unayoitaka, na ubao mama. Kama prosesa zote mbili zinaingia kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye ubao mama) ya aina moja na fremu hazikupanda uliposhusha resolusheni, nitakuambia nunua. Zikipanda, hela hiyo iweke kwenye kadi.