Usifute makala zako za zamani, mkuu. Mimi nilifuta 163

Mkuu mleta uzi, kabla hujabonyeza chochote usiku huu, simama kwanza. Umesema blogu yako ni mchanganyiko usioeleweka: leo kazi, kesho bibi yako, keshokutwa kitabu ulichosoma. Wasomaji wachache, huoni tena maana yake, na kuna mtu kakushauri ufute zote uanze upya na mada moja yenye soko. Ukauliza pia kama utumie jina lako halisi, na uandike mara ngapi kwa wiki. Nilipofika kwenye "nifute zote" niliweka simu chini nikawasha kompyuta, maana hili halijibiki kwa vidole gumba viwili.

USIFUTE.

Mimi nilifanya hicho hicho mwaka 2019. Blogu nilikuwa nayo tangu 2012, mchanganyiko kama yako. Wasomaji wangu walikuwa wa kuhesabika: ndugu, marafiki wa zamani, na watu kama kumi na tano nisiowajua ambao walikuwa wanarudi tu, sijui kwa nini. Nikajiunga na mafunzo ya mtandaoni ya bwana mmoja, nikamlipa pesa niliyoidunduliza miezi miwili. Siku ya kwanza akafungua blogu zetu mbele ya darasa zima. Ya kwangu aliitazama kidogo tu, akauliza, "Nani anataka kujua habari za baba yako?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Pesa nimeshaisahau, kicheko kile bado kinaniuma.

Somo lake lilikuwa kwamba makala isiyo na maneno yanayotafutwa na watu ni mzigo, inashusha blogu nzima. Akatuelekeza tuyarundike maneno hayo kwenye kile kisanduku cha maneno muhimu cha kila ukurasa. Wadau, Google walitangaza Septemba 2009 kwamba hawakitumii kisanduku hicho kupanga matokeo yao! Miaka kumi baadaye mtu mzima anatoza watu pesa kuwafundisha kukijaza, tena kwa kujiamini, tena anamgombeza anayeuliza swali. Na mtu wa aina hiyo ndiye niliyemwachia aniambie kipi katika maisha yangu kinafaa kubaki.

Usiku ule nikaingia WordPress, programu ninayoendeshea blogu. Orodha inaonyesha makala 20 kwa ukurasa. Unaweka tiki kwenye kisanduku cha juu kabisa, zote 20 zinajichagua zenyewe, unazipeleka kwenye takataka. Nikarudia mara tisa. Miaka saba ikaondoka ndani ya dakika tano. WordPress ukiiacha ilivyo hukaa na ulichotupa siku 30 kabla ya kukifuta kabisa, kwa hiyo hata hapo nilikuwa na mwezi mzima wa kujuta na kurudi nyuma. Lakini bwana yule alisema "safisheni kabisa", nikaisafisha na takataka yenyewe kabla sijalala.

Sasa nikwambie kilichokuwemo. Baba alifariki mwaka 2016. Nilikuwa nimeandika jinsi alivyokuwa akisikiliza taarifa ya habari: redio kaiegemeza begani kama mtoto anayebembelezwa, kidole gumba kinazungusha kitufe taratibu mno, mkono wa pili kauinua kutunyamazisha. "Ngoja, ngoja. Inakuja." Makala hiyo naweza kuiandika tena, ila haitakuwa ile. Ile niliiandika wiki ya pili baada ya msiba, na kuna mambo niliyaona wazi siku zile ambayo leo nikiyatafuta kichwani siyapati.

Hilo bado si kubwa. Chini ya makala, kwenye maoni, shangazi yangu aliandika. Shangazi hakuwa mtu wa mtandaoni. Aliandika kwa simu, bila nukta wala mkato, maoni marefu kuliko makala yenyewe, kuhusu baba alipokuwa na miaka tisa na redio ya kwanza aliyoifumua akashindwa kuiunganisha tena, na namna wao wawili walivyoificha chini ya kitanda wiki nzima. Nilisoma mara moja, nikajibu "Asante sana shangazi", basi. Ukiifuta makala moja kwa moja, maoni yake yanafutika nayo. Mimi sikuwa hata nimelifikiria hilo. Shangazi naye alifariki mwaka 2020. Hakuna mwingine aliyekuwepo kwenye chumba kile.

Nimetafuta, mkuu. Wayback Machine ya Internet Archive ina nakala za kurasa za mtandao kuanzia mwaka 1996, lakini hainasi kila ukurasa. Kwangu ilinasa ukurasa wa mbele tu, mara nne. Katika mojawapo makala ya baba imo: mistari mitatu ya mwanzo, kisha maneno "Endelea kusoma". Nimeyabonyeza mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Hakuna kitu nyuma yake.

Na asije mtu hapa kuniambia "si ungehifadhi nakala". Nimeshaambiwa na kila aliyesikia habari hii, hadi mtoto wa darasa la nne.

Mada yenye soko niliipata, sidanganyi. Niliandika makala zaidi ya 90 za "namna ya kuchagua" hiki na kile, nyingine kuhusu vifaa ambavyo sijawahi kuvishika mkononi. Wasomaji walikuja kwa maelfu, wakasoma sekunde chache wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeniandikia neno. Halafu Agosti 2022 Google wakaanza kushusha kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya mashine ya kutafutia badala ya kuandikiwa watu. Desemba mwaka huo huo wakaongeza "uzoefu" kwenye mwongozo wa wakaguzi wao, yaani waangalie kama mwandishi amelipitia mwenyewe anachokisema. Likaja sasisho jingine la Google Septemba 2023, wasomaji wangu wakapukutika. Nilikaa mbele ya skrini nikafikiria yale makala 163. Yote nilikuwa nimeyapitia mwenyewe.

Lakini usinielewe vibaya ukaanza kuandika habari za bibi yako ili Google wakupende. Blogu nyingi za watu wakweli zilishuka Septemba ile ile. Huko hakuna wa kumtegemea.

Kilichonifungua macho ni barua pepe moja. Mtu nisiyemjua, nadhani mmoja wa wale kumi na tano, aliuliza ile makala ya redio imeenda wapi. Alisema alikuwa anaisoma kila mwaka siku aliyofariki baba yake, na mwaka ule ameitafuta ameikosa. Mtu mmoja. Nimeandika makala 90 zikasomwa na maelfu, na aliyeniandikia ni yule niliyemfutia.

Kwa hiyo unaposema huoni maana, naomba uangalie tena huo mchanganyiko unaouonea haya. Neno "weblog", lililofupishwa likawa "blog", lilianza kutumika mwaka 1997, na hiyo "log" iliyomo ndani yake ndiyo batli ya nahodha, yaani daftari la safari ya chombo: leo upepo ulikuwa hivi, tulipita hapa, pale tulikosea. Batli haina mada moja. Anayeiandika ni mmoja, na hilo ndilo linaloiunganisha. Ukisoma makala zako tangu ya kwanza utaona kitu unachokirudia bila kujua. Mimi nilipoanza tena niligundua kila ninachoandika kina mtu anayetengeneza kitu kibovu kwa mikono yake. Ningekuwa na zile 163 ningekiona kitambo, bila kumlipa mtu.

Fanya hivi leo, sio kesho. Kama nawe uko WordPress, ingia Zana (Tools), kisha Hamisha (Export), pakua faili. Itakuwa faili ya XML yenye makala zako na maoni yake. Picha hazimo, humo utakuta anwani zake tu, kwa hiyo picha zipakue kivyake. Weka nakala sehemu mbili. Makala zinazokutia aibu zigeuze ziwe rasimu au ziweke faragha, hakuna atakayeziona. Kitufe cha kufuta kisahau kabisa. Na huyo aliyekushauri ufute, muulize yeye ana makala gani ya miaka saba iliyopita ambayo mtu bado anaitafuta.

Ile ya bibi yako uliyosema "sijui nilikuwa nafikiria nini nilipoiandika", bado ipo? Ina maoni chini? Weka kiungo hapa, naisoma usiku huu huu.