Yuniti za honi zangu hazidumu. Kosa liko wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimejitengenezea honi mbili za bati za kutangazia biashara juu ya bajaji. Kila moja ina koo la sentimita 2.5, urefu sentimita 15, mdomo sentimita 20, na yuniti (kile kipande cha nyuma kinachotoa sauti) ya omu 8, wati 50. Amplifaya ni ya wati 40 tu, lakini wiki iliyopita imekufa yuniti ya tatu. Muuzaji anasema nazidisha sauti; mimi nahisi ananiuzia feki. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kabla hujagombana na muuzaji, ifungue hiyo yuniti na unyanyue dayaframu, ule utando mwembamba unaotikisika kutoa sauti, taratibu. Koili, yaani waya uliozungushwa na kushikwa kwenye dayaframu, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, muuzaji ana haki. Lakini ukiikuta bado inang'aa, huku dayaframu imepasuka pembeni au kale kawaya kembamba ka koili kamekatika, basi hakuna kilichoungua. Dayaframu imerushwa kupita uwezo wake. Kwa vipimo vyako, natarajia utakuta hili la pili.

Hewa iliyomo ndani ya honi ndiyo breki ya dayaframu, na breki hiyo ina mwisho wake. Honi yako, hata ungeikunja kwa ustadi, inaishia karibu hezi 750 (hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde; zikiwa chache, sauti ni nzito). Chini ya hapo dayaframu inacheza kama haina honi mbele yake. Sasa sauti ya mwanamume inaanzia karibu hezi 100, na nina hakika kati ya tangazo na tangazo unapiga muziki wenye ngoma nzito. Wati 50 za kwenye lebo haziwezi kuzuia hilo.

Tiba ni kapasita moja kwa kila yuniti, kwenye waya mmoja wa spika; hiyo hupunguza sauti nzito zisifike kwenye yuniti. Usiiunge sambamba na yuniti. Zidisha hezi kwa omu, kisha gawa 159,000 kwa jibu hilo, utapata mikrofaradi, yaani ukubwa wa kapasita. Kwa honi hiyo fupi anzia hezi 1,000: ni kama 20, kwa hiyo 22 ya dukani inafaa. Iwe isiyo na chanya wala hasi, ya volti 63. Ukiikosa, chukua mbili za kawaida za 47, unganisha hasi kwa hasi, zitatoa 23.5. Kitufe cha besi kirudishe chini kabisa.

Ukitaka sauti nene zaidi, kata bati upya. Koo libaki 2.5, na kila sentimita 9.5 za urefu kipenyo kiwe maradufu: 5, 10, 20, hadi mdomo wa 27 kwenye sentimita 33. Hiyo inashuka mpaka hezi 400, na kapasita yake ni 33. Shingoni weka gasketi, maana tundu dogo tu pale linakula sauti. Bati likianza kulia lenyewe, lizungushie tyubu kuukuu ya baiskeli kwa nje.